Madoa ya mashavuni baada ya kujifungua: nibandue kwa asidi?

Dadangu, umesema saluni hapo Malindi wamekwambia watakubandua uso kwa asidi na yale madoa yaliyokuja na mimba yatakwisha. Ngoja kwanza. Asidi ya glikoliki au ya salisiliki, ikiwa hafifu na ikipakwa na daktari wa ngozi, huweza kuyafifisha. Hung'oa tabaka la juu kidogo kidogo, mara kadhaa, wiki mbili hadi nne kati ya mara moja na nyingine. Lakini ngozi zetu nyeusi zikiungua hujibu kwa kuzidi weusi, na hapo utakuwa na doa juu ya doa. Zile kali zinazochimba ndani usizikubali kabisa, hata ukipunguziwa bei.

Na kwa jua la huku, ukibandua bila kinga ni kama kufagia ufuo upepo ukivuma. Anza na krimu ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 kwenda juu. Bora ile yenye rangi, kwa kuwa ina oksidi ya chuma inayozuia hata mwanga wa kawaida. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Buibui halifuniki mashavu.

Madoa mengine hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kuzaa. Vidonge vya kupanga uzazi navyo huyachochea, muulize daktari. Ukishabanduliwa, msio wa kujisugulia weka kando mpaka ngozi ipone. Hizo krimu za mkorogo, za kujichubua, ndizo usiziguse hata kidogo.