Chakacha haikai kwenye vijumba 16

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Tanga, natengeneza biti kwenye iPad niliyonunua ya mtumba. Nina programu za muziki GarageBand na Koala, programu moja ya ngoma yenye vijumba 16 vya kuwekea mipigo, na sinthesaiza (vinanda vya kielektroniki) mbili za bure. Akina mama wa kikundi cha harusi cha mtaani kwetu wameniomba niwatengenezee chakacha ya kuimbia. Nina shida tatu. Nikigonga pedi sauti inachelewa, na nikiunganisha spika yangu ya Bluetooth ndiyo balaa kabisa. Pili, nimepandisha swingi hadi asilimia 66 kama nilivyoelekezwa, lakini wamesikiliza wakacheka, wakasema inachechemea. Tatu, nilipopeleka faili studio ya mjini waliniambia tempo yangu haieleweki. Ninunue programu nyingine, au nijipinde nipate kompyuta?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hela yako iache ilipo kwanza. Kishikwambi ulichonacho kinatosha kwa kazi hiyo. Naanza na shida ya pili kwa sababu ndiyo iliyowachekesha akina mama, na kwa kweli walikuwa na haki ya kucheka.

Siku wakiwa mazoezini, nenda ukakae pembeni bila iPad. Sikiliza vumi, ile ngoma kubwa, linavyokita, halafu chapuo, ngoma ndogo, halafu makofi. Gonga mguu ukifuata vumi, huku mdomoni unataja kila mpigo mdogo unaousikia: ta-ka-ta, ta-ka-ta. Utaona kila mguu mmoja unabeba mipigo midogo mitatu, kwa hiyo ukigonga mguu mara nne umepita mipigo 12. Hiyo 12 ukiigawa kwa tatu-tatu unapata nne, na ukiigawa kwa mbili-mbili unapata sita. Mguu umeshika nne, makofi yanaweza kushika sita, na kiuno cha mchezaji kinakaa katikati ya hesabu hizo mbili kikichukua huku na huku. Ukiondoa mvutano huo umeondoa chakacha yenyewe.

Sasa tazama programu yako ya ngoma. Vijumba 16, nne mara nne. Sura hiyo imetoka kwenye mashine za zamani za ngoma kama TR-808 ya Roland ya mwaka 1980, yenye vitufe 16 vimepangwa mstari mmoja. Watu wengi husahau kwamba 808 ilikuwa pia na swichi ya kubadili hesabu iende tatu-tatu. Baadhi ya waliokuja kuiga kwenye programu za bure waliiga hadi rangi za vitufe, wakaisahau swichi.

Aliyekushauri swingi hakukudanganya, ila alikupa dawa ya ugonjwa mwingine. Swingi huchukua vijumba viwili vilivyo jirani na kukicheleweshea kile cha pili. Kwenye 50 vinagawana muda sawasawa. Kwenye 66 cha kwanza kinachukua theluthi mbili na cha pili kinabaki na theluthi moja. Kwa lugha ya ta-ka-ta, umepata "ta" ya kwanza na "ta" ya mwisho, lakini ile "ka" ya katikati haina pa kukaa. Kwenye hesabu ya 12, hizo "ka" ni namba 2, 5, 8 na 11. Makofi yanayokwenda sita yanaangukia 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Unaona tatizo? Namba 5 na 11 ndizo zinazovuta wimbo upande wa pili, na swingi yako haiwezi kuzifika hata uipandishe vipi. Ndiyo maana inachechemea.

Kwa hiyo acha swingi, irudishe 50. Ingia kwenye mipangilio ya pateni, punguza urefu kutoka vijumba 16 hadi 12, na uhesabu kila vijumba vitatu kuwa mguu mmoja. Kiunzi cha kuanzia ni hiki:

Kiki (ya ngoma, sio ile ya magazeti ya udaku): 1 na 7.
Makofi au kijiti: 1, 3, 5, 7, 9, 11.
Chapuo: 1, 3, 4, 6, 7, 9, 10, 12.
Kayamba: vyote 12.

Huo si mdundo wa bibi zako, ni mbao za kujengea tu. Wakishaimba juu yake watakuambia wenyewe chapuo linasogea wapi, na ukiambiwa usogeze, sogeza.

Kwenye kayamba ndipo roboti anapojificha. Ukiacha mipigo yote 12 na uzito mmoja, itasikika kama cherehani. Uzito wa mpigo unapimwa hadi 127. Jaribu "ta" ya kwanza iwe 100, "ka" iwe 45, "ta" ya mwisho 70, urudie hivyo hivyo mara nne. Halafu fungua macho kwenye kitufe cha kunyoosha mipigo, kile kinachovuta kila kitu kikae kwenye mstari. Ukigonga chapuo kwa kidole, usikinyooshe hadi asilimia 100. Kama programu inaruhusu nusu, weka nusu. Kama hairuhusu, rudia kugonga mpaka upate mzunguko mmoja mzuri uuache ulivyo.

Na kwa nini utumie chapuo la kiwandani wakati la kweli liko nyumba ya tatu? Koala inarekodi moja kwa moja kwa maikrofoni ya iPad. Mwombe mama anayepiga akupigie mpigo mmoja mmoja: wa wazi, wa kuziba na kiganja, na wa ukingoni. Kaa kama mita moja na nusu kutoka kwenye ngoma, maana ukisogea sana maikrofoni inapasua. iPad iweke juu ya kanga iliyokunjwa ili isipokee mtetemo wa meza. Zima feni. Chukua kila mpigo mara tatu au nne, mmoja mzito, mwingine mwepesi, kisha uzipangie pedi tofauti. Kazi hiyo ya robo saa itakupa sauti ambayo hakuna programu inayouzwa inayoweza kukupa.

Upande wa GarageBand, anza wimbo mpya na uweke 6/8 kwenye mipangilio ya wimbo kabla hujarekodi chochote. Usitegemee lupu (vipande vya kurudiarudia) zilizokuja nayo, nyingi zimetengenezwa kwa hesabu ya nne. Kama siku moja utapata hela ya kununua programu moja tu ya ngoma, tazama Patterning. Inachora pateni kwa duara badala ya mstari, na kila chombo unaweza kukipa idadi yake ya vijumba. Kuona sita na nne zikizunguka kwenye duara moja kunafundisha haraka kuliko maelezo yangu yote haya. Lakini sio lazima.

Tuje kwenye tempo, ambako ndiko ulikogombana na studio. Tuseme akina mama wanacheza kwenye miguu 120 kwa dakika. Programu yako ya vijumba haijui kwamba umeamua vitatu ni mguu, bado inahesabu vinne. Miguu 120 mara vijumba vitatu ni vijumba 360 kwa dakika, gawa kwa vinne, unapata 90. Kwa hiyo kwenye programu unaandika 90 ili usikie 120. Metronomu yake izime, itakuchanganya. Fundi wa mjini naye akifungua mradi wa 12/8, programu nyingi za kompyuta zinahesabu robo noti bila kujali, na hapo wimbo huohuo unasomeka 180. Tisini, mia na ishirini, mia na themanini, zote ni chakacha moja. Wewe ulimwandikia namba moja, yeye akasikia nyingine, na hakuna aliyekosea.

Jambo hilohilo linaharibu eko za sinthesaiza. Ukiunganisha programu mbili kwa Ableton Link, njia ya kuzilinganisha tempo, zitakubaliana 90 vizuri tu, ila eko iliyowekwa robo noti itarudi baada ya milisekunde 667, yaani vijumba vinne, na kuanza kukata hesabu ya tatu vipande. Weka mwenyewe milisekunde 500, ambayo ni mguu mmoja kamili, au 333 ambayo ni vijumba viwili na itaenda na makofi.

Kuchelewa kwa sauti sasa. Kijumba kimoja kwenye tempo hiyo kina milisekunde 167. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kati ya milisekunde 100 na 300, kwa sababu inaifunga kwanza, inaituma, kisha spika inaifungua. Maana yake unagonga namba 1 na sikio linasikia namba 2. Mwili unajirekebisha bila kukuuliza, unaanza kugonga mapema, na kinachorekodiwa kinakuwa kimekwenda mbele. Niliwahi kupigia pedi kwenye sherehe moja kwa spika isiyo na waya ya mwenye ukumbi. Wapiga ngoma wa kweli waliokuwa pembeni yangu walivumilia wimbo mmoja, wa pili wakaweka ngoma chini wakaenda kunywa soda. Sikurudia tena.

Tumia waya. Ukiwa na waya, na bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo programu huiandaa kabla ya kuitoa) ya sampuli 256 kwenye kiwango cha 48,000 kwa sekunde, sehemu hiyo ya kuchelewa inabaki kama milisekunde 5. Ukisikia mikwaruzo, iPad imeelemewa, panda hadi 512. Ukiwa unagonga, shuka. Ukiwa unapanga tu, panda, hakuna anayekudai. Kama iPad yako ina tundu la hedifoni, hongera, itunze (iPad ya kawaida ya mwaka 2021 bado inalo, ya 2022 hainalo tena). Kama haina, unahitaji kiunganishi cha USB-C chenye kigeuza sauti ndani yake. Vile vya bei ya chini kabisa mara nyingi ni waya mtupu na kwenye iPad havitoi kitu. Vijaribu palepale dukani kabla hujalipa. Hicho ndicho kitu pekee ninachokuambia ununue.

Wenye Android wanaosoma hapa: kifaa hadi kifaa kinatofautiana. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 kuna njia ya haraka ya kupitishia sauti, lakini si kila programu inaitumia na si kila simu inaifanya vizuri. Koala na FL Studio Mobile zipo pia kwa Android. Gonga pedi kwa hedifoni ya waya, sikio litakuambia.

Besi usiizidishe. Sauti kama zile za Minimoog Model D, sinthesaiza ya zamani ambayo kampuni ya Moog iliitolea programu ya iPad mwaka 2018, ni tamu, na mkono unavutwa kushuka chini hadi hezi 55. Ukumbini itatikisa viti. Ila video ya harusi itazunguka kwa simu, na spika ya simu haitoi hezi 55. Ongeza uchafu kidogo kwenye besi, ule mkwaruzo unaozaa sauti za juu yake, na sikio litaijaza yenyewe. Cheza kwenye 1, 6 na 7 kwanza, uwaachie vumi nafasi.

Kitu kimoja kuhusu sinthesaiza na waimbaji. Ukisikia mama anayeongoza anagombana na kinanda kwenye noti ya tatu ya skeli, usimwambie yuko nje ya sauti. Nyimbo za pwani zilizolelewa na taarabu mara nyingine zinashika noti iliyo katikati ya mi na mi bemoli, kama senti 50 (nusu ya hatua moja ya kinanda) chini ya ile ya kinanda. AudioKit Synth One ni ya bure na ina ukurasa wa kubadili mtuno, kwa hiyo unaweza kujaribu mtuno unaomfuata yeye. Au mwondolee kinanda kwenye mstari huo, mara nyingi ndiyo inapendeza zaidi.

Kupeleka studio: kila chombo faili lake, WAV ya biti 24, zote zianzie sekunde ya sifuri hata kama chombo kinaingia dakika ya pili. Usiweke vikazasauti (vile vinavyobana sauti kubwa) kwenye mkondo mkuu unaobeba vyombo vyote, na uache nafasi ya desibeli 6 juu ili sauti isigonge kikomo. Ukitumia WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama sauti itabanwa. Majina ya mafaili yaseme kila kitu: vumi_miguu120_programu90.wav. Fundi akiendelea kubisha, mwambie aweke mstari kwenye sekunde ya pili kamili. Mzunguko mmoja wa vijumba 12 unaishia hapo, na kiki ya kwanza ya mzunguko unaofuata lazima iangukie juu ya mstari huo.