Wasomaji Wauliza: Dawa ya usingizi kabla ya maski ya koo kwa mtoto

SWALI: Natoa dawa za usingizi katika hospitali ya wilaya. Watoto wanaopasuliwa ngiri tunawawekea maski ya koo, LMA, kifaa cha kupitisha hewa kinachokaa kooni juu ya njia ya pumzi. Nikianza na ketamini, mtoto analala kabisa, ila nikiingiza maski anakohoa na kukaza taya. Niongeze dozi, au nitumie propofoli au thaiopentoni za mshipani, au sevoflureni ya kuvuta? – Msomaji, Singida

JIBU: Badili dawa, ndugu msomaji. Ketamini huondoa fahamu na maumivu lakini koo hubaki macho, yaani bado hushtuka likiguswa, na mate huongezeka. Dozi kubwa hailegezi taya. Itamchelewesha kuamka tu. Ketamini iweke akiba kwa mtoto aliyepoteza damu, au pale pasipo mashine ya usingizi. Thaiopentoni ina kasoro hiyohiyo ya koo: miligramu 5 kwa kilo humlaza haraka, kisha maski ikigusa nyuma ya ulimi anakohoa au koromeo linajifunga.

Mwenye kanula (mrija mdogo wa mshipani) tayari, mpe propofoli. Hunyamazisha koo kuliko dawa nyingine yoyote ya mshipani uliyo nayo. Mtoto ambaye hakupewa dawa ya kumtuliza kabla anahitaji miligramu 3 hadi 4 kwa kilo, zaidi ya mtu mzima. Kwa kilo 15, ukianza na 3, ni miligramu 45, yaani mililita 4.5 za dawa ya asilimia 1. Sukuma polepole kwa nusu dakika, kisha inua taya ya chini kwa vidole viwili nyuma ya pembe zake. Akijikunyata, bado, ongeza miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo. Kope zisikudanganye, taya ndiyo inayosema ukweli. Huenda akaacha kupumua kwa muda, hivyo maski ya uso iwe mkononi. Presha hushuka pia, kwa hiyo aliyepungukiwa maji arudishiwe maji kwanza. Dawa hii huuma mshipani: chagua mshipa mkubwa wa kiwiko, utangulize lignokeini, dawa ya ganzi, miligramu 0.5 kwa kilo.

Mtoto ambaye mishipa yake haionekani, anza na sevoflureni asilimia 8 ndani ya oksijeni. Kosa la kawaida ni haraka. Kope hulegea mapema, koo bado. Subiri kama dakika 3, mboni zitulie katikati, pumzi iwe ya mpangilio, taya ilegee. Weka kanula kwanza, ndipo maski. Wengi huamka wakilia na kujirusha. Propofoli miligramu 1 kwa kilo mwishoni husaidia.

Mtoto wa kilo 10 hadi 20 ni maski ya koo namba 2. Hewa ya puto lake isizidi mililita 10.

Koromeo likijifunga: toa maski, oksijeni asilimia 100 kwa maski ya uso iliyobana, taya mbele, propofoli miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo. Lisipofunguka, suksametoniamu (ya kulegeza misuli) miligramu 1 hadi 2 kwa kilo pamoja na atropini (ya kuzuia moyo kwenda polepole) miligramu 0.02 kwa kilo. Zote mbili ziwe zimeshavutwa kwenye bomba kabla hujaanza.

SWALI: Na mwenye mafua?

JIBU: Akiwa na homa, makohozi au kifua kinachokoroma, ahirisha upasuaji usio wa dharura wiki 2 au zaidi. Kamasi nyepesi tu, anayecheza vizuri, anaweza kuendelea. Kwake propofoli ina matatizo machache ya pumzi kuliko sevoflureni.