Mwanangu, kuhusu hiyo pizza ya mjukuu wangu

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata. Waniuliza, ati shule ya huko Marekani yataka kumwandikisha mjukuu wangu kwenye Book It!, ule mpango wa kusoma wa mikahawa ya Pizza Hut, mwalimu ampangie kila mwezi asome kiasi gani, akifikisha apewe cheti aende Pizza Hut akale pizza yake ndogo bure, je umkubalie ama itamharibu. Mimi hata sikufikiria pizza, nilifikiria ile chati ya nyota.

Hii stori waijua nusu tu. Darasa la tano mwalimu alibandika chati ukutani, kitabu kimoja nyota moja, mwenye nyota nyingi mwisho wa muhula apewe zawadi mbele ya shule nzima. Mimi nikachukua kitabu kinene, nikawa nakisoma pale barazani Kibokoni kila nikitoka chuo cha Kurani mpaka bibi yako aniita magharibi imeingia. Nyota moja! Mwenzangu akachukua vile vya picha, vyembamba vyembamba, akajaza mstari wake akapigiwa makofi. Mpaka leo ikinijia roho yaniuma, kwa sababu niliyesoma ni mimi. Muhula uliofuata darasa zima, na mimi ndani, twagombania vitabu vyembamba, na hakuna hata mmoja wa kuuliza hadithi yahusu nini.

Aliyeuliza ni bibi yako. Yeye Kurani alisoma, herufi za kizungu hakuzijua, lakini usiku akikanda mahamri aniambia haya nihadithie, yule kijana alifika? Nikikwama yanibidi nirudi kitabuni nikaangalie tena, maana kesho ataniuliza. Ndio nikawaambia nyinyi tangu wadogo, mtoto husoma akiwa na mtu wa kumhadithia.

Ule utafiti ulionitumia wa Stanford, wa 1973, nimeusoma wote. Mark Lepper na wenzake wakachukua watoto wa chekechea wanaopenda kuchora, walioahidiwa cheti wakichora, baadaye hamu ya kuchora ikawapungua. Naukubali kabisa. Lakini mbona hukuniambia kuna wengine walipewa cheti hicho hicho kwa ghafla, bila kuahidiwa, na hao hamu haikuwapotea? Basi shida si zawadi, shida ni kutajiwa bei mapema, na Book It! bei yaitaja mwanzo.

Hapo nilikuwa karibu nikwambie usimwandikishe. Halafu nikakumbuka hiyo kitu ilianza 1984 kwa sababu mkuu wa Pizza Hut, Arthur Gunther, alikuwa na mtoto wa shida ya macho, kusoma kukimpa tabu. Mzazi anayemtafutia mwanawe njia siwezi kumlaumu. Na mtoto asiyetaka kitabu hata kukishika utamvuta na nini? Tena pizza hiyo hataila peke yake, mtakaa naye mezani, utamwuliza kasoma nini. Utamwuliza lakini, ama utakuwa na simu mkononi?

Mtoto ni wenu, amueni na babake, mimi naushika ulimi ingawa maneno yamenifika hapa kooni. Ila ukimwandikisha, nenda kaongee na mwalimu, maana ni yeye anayechagua kama lengo ni vitabu, kurasa ama dakika. Mwambie dakika. Asimhesabie vitabu mjukuu wangu. Na Jumapili ukipiga mpe simu yeye kwanza, anihadithie hicho anachosoma sasa, hata kama ni cha papa na nyangumi, mimi nina muda.

Mamako