Maswali yenu: Lile boti la duara kwenye maji ya kasi, tupande au tusipande?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mimi na mume wangu tunaishi Sharjah, likizo hii watoto (miaka 9 na 12) wameng'ang'ania wapelekwe paki yenye yale maboti ya duara mnakaa watu sita mnazungushwa kwenye mto wa bandia. Mimi nikikumbuka ile ajali ya Australia moyo unakataa kabisa. Baba yao anasema ile ilikuwa bahati mbaya tu na siku hizi wanafungwa mikanda. Ni kweli? Mama wa Wawili.

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hapo kwenye bahati mbaya shemeji namkatalia, na mkanda nao una maneno yake, ngoja tuende taratibu.

Kwanza uelewe hiyo kitu inavyofanya kazi. Ya kwanza kabisa ilifunguliwa 1980 paki ya AstroWorld kule Houston, Marekani, na mpaka leo mpango ni uleule: mfereji wa zege, pampu kubwa zinasukuma maji kwenda juu, yakishuka yanabeba boti, mwisho boti linapanda konveya (ule mkanda wa mashine unaobeba vitu kwenda juu) linarudishwa kwenye kituo cha kushukia. Boti lenyewe halina injini, usukani wala breki, linaenda kama kifuu kwenye mtaro wa mvua. Treni ya mchezo ya kwenye reli unaweza kuisimamisha kwenye kila kipande cha reli, ila hapa maji ndo barabara, maji yakipungua barabara imekatika na walioko nyuma bado wanakuja.

Sasa hiyo ajali ya Australia, ilikuwa paki ya Dreamworld, kule Gold Coast, jimbo la Queensland, tarehe 25 Oktoba 2016. Mchezo wenyewe uliitwa Thunder River Rapids, ulikuwepo tangu 1986. Ulitegemea pampu mbili kubwa na siku hiyo moja ilishazima mara mbili, mara zote wakaiwasha wakaendelea. Ikazima tena ya tatu, maji yakashuka haraka, boti lililotangulia likakaa juu ya vyuma vya chini pale konveya inapoishia. Konveya yenyewe haikusimama, ikaleta boti la nyuma lenye watu sita, yakagongana, hilo la nyuma likanyanyuliwa likasimama wima na mashine ikawa inalivuta. Watu wazima wanne wakafa palepale, watoto wawili wakapona, Mungu mkubwa.

Yaani dada, yale mawimbi yanayowapigisha watu kelele hayakuhusika kabisa, ni pale mwisho watu wameshatulia wanakamua nguo. Mimi hapo ndo ninapopaogopa, pale maji yanapokabidhi boti kwa mashine.

Uchunguzi wa vifo ulitoka Februari 2020 na ukisoma unasikia hasira. Hakukuwa na sensa, yaani kifaa cha kuhisi maji yameshuka kikazima konveya chenyewe, kila kitu kiliachiwa macho ya waendeshaji ambao walikuwa na mambo kibao ya kuangalia kwa wakati mmoja. Kitufe kinachosimamisha konveya haraka kilikuwepo karibu na anayeshusha abiria, ila huyo mfanyakazi ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye mchezo huo na hakuelekezwa vizuri kazi ya hicho kitufe. Alafu kumbe maboti kugongana hapohapo kulishatokea miaka ya nyuma!! Kampuni ikapigwa faini ya dola milioni 3.6 za Australia, mchezo ukabomolewa. Sasa mambo yamejulikana miaka yote hiyo halafu mtu aniambie bahati mbaya?

Kuhusu mkanda. Unamzuia mtoto asirushwe nje au asisimame, na hilo si dogo, Uingereza 2017 kwenye paki ya Drayton Manor binti wa miaka 11 alidondoka kutoka kwenye boti akafa maji. Lakini boti likipinduka mkanda huohuo unakushikilia chini. Iowa, Marekani, Julai 2021, kwenye mchezo wa Raging River wa paki ya Adventureland boti lilipinduka watoto wakanasa chini yake na mikanda yao, mvulana wa miaka 11 akafariki. Kwahiyo mkanda ni sehemu tu, kitu kikubwa ni boti lisipinduke, yani mipira yake ya pembeni iwe na upepo wa kutosha na maji yawe kimo chake.

Mimi ningewapeleka. Ila kabla ya kupanda kaeni pembeni muangalie maboti kadhaa yakirudi, yanapandana pale mwisho au yanaachana vizuri? Mfanyakazi macho yake yapo kwenye maji au kwenye simu? Kimo cha mtoto kilichoandikwa getini usibembeleze hata sentimita moja. Na huyo wa miaka 9 mkalishe ubavuni mwako, umwambie mkono asitoe nje na asiinuke mpaka aambiwe, hata boti likisimama.

SWALI: Mimi fundi pampu Tanga. Pampu kutrip (kujizima ghafla) ni kawaida sana kwenye kazi, sasa wanafanyaje ili isiue mtu?

JIBU: Mkuu, wewe mwenyewe unajua jibu, unafunga waya wa kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya konveya upitie kwenye pampu, pampu ikilala na konveya inalala, hakuna cha kumsubiri mtu abonyeze. Unaongeza na sensa ya kimo cha maji, kwa sababu maji yanaweza kushuka hata pampu zikiwa zinaunguruma, mfano chujio likiziba. Kule Dreamworld ilisemwa hiyo sensa ingegharimu dola elfu mbili tatu hivi tu. Na ikitrip mara ya pili siku hiyohiyo unashusha watu wote, unafungua paneli unatafuta ni nini, si kuriset (kuiwasha upya) tu na kuita foleni iendelee.