Memori inaliwa, dibaga inanijibu alama za kuuliza

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari yenye kompyuta 6, kila moja ina RAM ya GB 8. Moja wapo, iliyounganishwa na printa kubwa, asubuhi ni nyepesi, lakini ikifika saa tisa alasiri memori imejaa hata Word haifunguki. Nikijumlisha programu zote kwenye Task Manager hazifiki GB 3. Nikashusha WinDbg, ile dibaga (programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine) ya Microsoft, nikaishika Notepad nayo, nikaandika dq (amri ya kusoma memori) ffff8000`00000000 ili nione memori ya mfumo. Imenirudishia alama za kuuliza tupu. Nikajaribu !poolused, ikakataa. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Amri umeziandika sawasawa, ila mlango uliopitia si wake. Prosesa za Intel, tangu 80286 ya mwaka 1982, zina ngazi 4 za mamlaka, 0 hadi 3. Windows inatumia mbili tu: 0 ya kerneli (kiini cha Windows) na draiva (programu zinazoendesha vifaa), 3 ya programu za kawaida. Ukiishika Notepad, dibaga inaona kile Notepad inachoruhusiwa kuona, na Notepad inaishi ngazi ya 3. Kwenye Windows ya biti 64 upande wa programu unaishia 00007fff`ffffffff. Wewe umegonga ukuta wa upande wa pili.

Kupata mamlaka ya ngazi ya 0 kwenye mashine hiyohiyo, ingia kwanza BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) uzime Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwaka, la sivyo amri inayofuata itakataliwa. Kama diski ina BitLocker, yaani kufuli la Windows la kusimba diski, isimamishe kabla hujagusa chochote na uwe na ufunguo wake wa dharura umeandikwa pembeni. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika bcdedit /debug on, uwashe upya. WinDbg nayo ifungue kama msimamizi, uchague kerneli ya mashine yenyewe. Utajua umefika ukiona lkd> pale penye kusubiri amri. Andika .symfix c:\simboli halafu .reload, na bando liwepo, maana inashusha simboli, yaani majina ya sehemu za ndani ya Windows, kutoka Microsoft.

Anwani usizianze kwa kubahatisha. Eneo la kerneli ni pana mno na sehemu kubwa yake haina kitu, kwa hiyo hata ukiwa na mamlaka yote utakutana na alama za kuuliza. Anza na !vm, usome mstari wa NonPagedPool Usage. Hiyo ni memori ya kerneli isiyohamishwa kwenda diski hata RAM ikibana, na Task Manager haiihesabu kwenye programu yoyote. Mwizi wako nadhani yuko hapo.

Sasa !poolused 2. Itapanga matumizi ya memori hiyo kuanzia kubwa, kila mstari na lebo ya herufi 4 ambayo mtengenezaji wa draiva aliibandika. Chukua daftari. Andika mistari 10 ya juu saa mbili asubuhi, tena saa sita, tena saa tisa. Usimshike aliye mkubwa, mshike anayekua. Niliwahi kupoteza siku mbili kwenye seva ya duka moja la dawa nikiifukuza lebo ya kwanza kwenye orodha, kumbe ilikuwa imetulia palepale tangu asubuhi. Iliyokuwa ikipanda ilikuwa ya tano.

Ukiipata, tuseme ni Abcd, andika kwenye Command Prompt: findstr /m /l Abcd C:\Windows\System32\drivers\*.sys. Itakutajia mafaili yenye herufi hizo. Lebo za Windows yenyewe zimeelezwa katika faili pooltag.txt linalokuja na dibaga. Ikiwa inayokua ni Proc au File, usiilaumu Windows haraka: huenda kuna programu ya kawaida inafungua vitu bila kuvifunga. Ongeza safu ya Handles kwenye Task Manager utaiona.

Najua unaishuku printa. Mimi siishuku sana. Tangu Windows Vista, draiva inayochora kurasa za printa haikai tena ndani ya kerneli. Ningetazama kwanza draiva ya kadi ya mtandao na ya antivirasi.

Nakuomba jambo moja kwa msisitizo. Amri zinazoanza na d zinasoma, zinazoanza na e zinaandika, na herufi hizo zimepakana kwenye kibodi. Usiku mmoja niliandika ed badala ya dd. Dibaga ikaningoja, nami nikaendelea kugonga tarakimu. Skrini ya bluu, na ankara za siku nzima za mteja zikapotea. Hifadhi kazi zote kabla ya kuanza, na usome kila amri kabla ya kubonyeza Enter.

Halafu, wateja wako wanachapa vyeti na vitambulisho hapo. Yote hayo hupita kwenye memori unayoifungua. Usichungulie zaidi ya lebo, na usimtumie mtu yeyote faili la memori, hata akisema ni fundi.

Ukimaliza, bcdedit /debug off, washa upya, rudisha Secure Boot na BitLocker. Kisha niandikie ile lebo na jina la faili la .sys, nitakuambia kama uweke toleo jipya la draiva au urudishe la zamani.