Barua kwa mwanangu: baada ya Peponi, usome nini

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Nakuletea salamu za hapa nyumbani. Sote tu wazima, mama yako amerudia mashine yake ya kushona, na shangazi yako anauliza kila siku kama kweli huko Mwanza unakula samaki au unawapita tu sokoni.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umeniambia kwamba umemaliza Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah, usiku wa manane baada ya zamu ya hospitalini, ukabaki kitandani na taa inawaka huku ukimfikiria kijana Yusuf anavyowakimbilia askari wa Wajerumani mwishoni, na umeniuliza mambo mawili: sisi wa barazani tunasoma nini siku hizi, na wewe ushike kitabu gani sasa. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini ungeandika majina manne kwenye karatasi ya dawa na kuyasahau, kwa hiyo nimeona heri nikae mezani nikuandikie.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na tabia moja mbaya. Nikikifunga kitabu, nilikwenda dukani kuuliza ni kipi kinachosifiwa zaidi mwezi huo, nikakinunua hicho. Nilisoma vingi kwa njia hiyo, na leo sikumbuki hata nusu yake, kwa sababu vitabu vile havikuwahi kukutana kichwani mwangu. Kila kimoja kiliingia na kutoka kama abiria. Siku hizi kitabu kinachofuata nakitafuta ndani ya kile nilichokimaliza, pale hasa kiliponiudhi au kiliponinyima jibu. Wewe umenyimwa jibu mahali pawili: hukuelewa wafanyabiashara wale wa msafara walikuwa watu wa namna gani, wala hukuelewa kwa nini kijana aliyeonewa na bwana mmoja amkimbilie bwana mwingine. Nitaanza na la kwanza, maana kitabu chake ninacho.

Kumbuka Peponi inavyoanza. Yusuf anaondoka kwao ghafla akiwa katika mwaka wake wa 12, kwa sababu baba yake ana deni asiloweza kulilipa kwa Aziz, tajiri wa misafara, na mtoto ndiye anayewekwa rehani. Sasa, katika sanduku langu la bati kuna kitabu kisicho na jalada kinachoitwa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, ambacho mwenyewe, mfanyabiashara wa misafara ya pembe na watumwa, alikiandika kwa Kiswahili katika siku zake za mwisho Unguja, kabla ya kufa mwaka 1905. Mjerumani Heinrich Brode alikichapisha Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, na kilirudi kuchapwa Nairobi miaka ya 1960 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kinaanza vipi? Kinaanza na mtoto wa miaka 12 anayetoka nyumbani kwenda safari za karibu kufanya biashara ya sandarusi pamoja na ndugu na wajomba zake. Miaka ile ile 12, pwani ile ile, ila huyu anatoka kama mwana wa wenye mali, na yule anatoka kama mali. Nilipoligundua jambo hili nilikifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Si mimi wa kwanza kuliona. Wataalamu wa fasihi wamekwisha kuonyesha kwamba Abdulrazak Gurnah, alipokuwa akiitunga riwaya ile iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, alikuwa na habari za safari zilizoandikwa na Waswahili wenyewe wakati wa Wajerumani, hiki cha Tippu Tip kikiwamo. Ukivisoma viwili hivi kimoja baada ya kingine utaona jinsi alivyokichukua kile cha zamani na kukigeuza ndani nje. Tippu Tip anapofika Itahwa kwa mtawala aliyeitwa Samu, anapigana naye, anashinda, na anaondoka na pembe nyingi za ndovu. Aziz anapofika kwa Chatu, mtawala wa bara, mali yote inachukuliwa, watu wake wanapigwa, na hakuna ushujaa wowote wa kusimulia.

Nikuonye lakini. Hamed bin Muhammed si msimuliaji wa kukubembeleza. Anakuhesabia frasila za pembe, anakutajia nani alimdai nani na kwa riba gani, na kurasa nzima zinakwenda bila yeye kusema kama palikuwa na jua au mvua. Wapagazi waliobeba pembe zile hawana majina kwake, na watu waliokamatwa na kuuzwa wanapita katika sentensi kama vile ni shehena nyingine. Mimi niliyekaa miaka 31 bandarini nikihesabu magunia ya katani najua lugha hiyo. Ni lugha ya karani, na karani anaweza kuficha mambo mengi katika hesabu iliyo sahihi. Kisome ukiwa na Yusuf pembeni yako. Kila Tippu Tip anaponyamaza, jiulize kama yule kijana angekuwapo pale angeona nini.

Sasa barazani. Tumebaki watano, na kama kawaida nakala moja inazunguka kwetu sote hadi kurasa zinalegea. Peponi yenyewe ndiyo iliyotushughulisha kwa muda mrefu kuliko zote. Utakumbuka Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, jirani yetu fundi saa alishikilia kwamba mtu aliyezaliwa Unguja akaandika kwa Kiingereza maisha yake yote hawezi kuitwa mwandishi wetu, na mwalimu mstaafu wa jiografia akanuna juma zima. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilipotoka kwa wachapishaji Mkuki na Nyota mwaka uliofuata, fundi saa ndiye aliyeinunua kwanza. Hajakiri kushindwa, wala sisi hatukumwuliza. Anachosema ni kwamba watu wale walikuwa wakizungumza Kiswahili tangu mwanzo na sasa ndipo tunapowasikia, na kwa hilo naona amesema kweli, hasa katika matusi ya mnyapara.

Kutoka hapo baraza limegawanyika. Mwalimu amerudi nyuma kama mimi, lakini yeye amekwenda kwenye ushairi: anatusomea kwa sauti Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa hapa hapa kwetu Tanga, aliyeitunga habari ya vita vya 1888 na 1889 watu wa pwani walipoinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Utenzi ule haufai kusomwa kimya. Mizani zake nane nane zinataka koo, na siku tulipofika kwa Abushiri, kiongozi wa vita hivyo, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, hata wachuuzi wa kahawa walisimama. Nakushauri usiuanze peke yako. Ngoja uje likizo tuusome pamoja, kwa sababu maneno yake mengine hata mimi nayapata kwa kumwuliza mama yako, ambaye bibi yake aliyatumia jikoni bila kujua kwamba ni ya kishairi.

Fundi saa yeye amekwenda mbele, na yuko kwenye Kuli ya Adam Shafi. Hii nakutumia. Ni riwaya ya mwaka 1979 inayosimulia maisha ya Rashidi na makuli wenzake wa bandari ya Unguja hadi mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Sitakuficha kwamba naipenda kwa sababu zangu mwenyewe: nimewaona watu wale, nimewaona migongo yao, na mara nyingi mimi ndiye niliyekaa kivulini na kalamu wakati wao wako juani na gunia. Lakini wewe nakupa kwa sababu ya lile swali lako la Yusuf kumkimbilia bwana mwingine. Yusuf hana wenzake. Yuko na Khalil, kijana mwenzake wa dukani kwa Aziz, naam, lakini Khalil naye amefungwa na deni lile lile na amekwisha kuuzoea mnyororo, hata anamfundisha mdogo wake namna ya kuuvaa. Katika Kuli utawaona watu walioonewa vilevile wanapoanza kusemezana usiku, na utaona inachukua muda gani, na hofu kiasi gani, mpaka watu wanaolala njaa wakubaliane kulala njaa kwa makusudi. Mwandishi wakati mwingine anahubiri, na wabaya wake ni wabaya tangu asubuhi hadi jioni. Hilo utamsamehe au hutamsamehe, shauri lako.

Ukimpenda Adam Shafi, usikimbilie Haini. Watu wengi wanapokezana kitabu hicho kwa sababu kinahusu wale waliokamatwa baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwezi Aprili 1972, na ni kitabu chenye nguvu, lakini kukisoma baada ya zamu ya usiku hospitalini si jambo ninalolitaka kwa binti yangu. Pitia kwanza Vuta N'kuvute. Najua umeiona filamu yake, ile ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Kitabu kina nafasi zaidi kwa Yasmin na ubishi wake, na Mombasa na Tanga zimo.

Shangazi yako ameniamuru nisimsahau. Yeye hasomi riwaya zetu za majonzi, kama anavyoziita. Anamsoma Bwana Msa, yule mpelelezi, tangu usichana wake na sasa anaanza upya na Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960. Zamani nilimcheka. Kisha mwaka jana, nilipolazwa siku tisa, vitabu vyangu vyote vizito vilinishinda, na Bwana Msa na kiko chake na Najum wake ndio waliokaa nami. Kwa hiyo ukiwa umechoka kabisa, msikilize shangazi.

Swali lako la Yusuf na askari bado sijalimaliza. Gurnah mwenyewe alilirudia jambo hilo katika Afterlives ya mwaka 2020, nami ningekuomba uisome kwa Kiingereza, polepole, ukishatoka kwa Tippu Tip. Humo yumo Hamza, kijana aliyejiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani kabla ya vita vya 1914 na akajuta karibu siku ile ile, na yumo Ilyas, aliyewapenda Wajerumani kweli kweli kwa sababu mmoja wao aliwahi kumsomesha. Mtu anaweza kukisoma kama mwendelezo wa ukurasa wa mwisho wa Peponi ingawa majina ni mengine. Hakitakwambia kwa nini Yusuf alikimbia. Kitakuonyesha kule alikokimbilia palikuwa na nini, na pengine ndilo jibu tunaloweza kulipata. Mimi nina wazo langu kuhusu makomeo yale anayoyasikia yakifungwa nyuma yake bustanini, lakini sitaki kukuwekea maneno kabla hujarudi kwayo mwenyewe.

Jambo moja lililonishangaza katika ujumbe wako ni kwamba hukumtaja Euphrase Kezilahabi hata mara moja, nawe unaishi Mwanza. Panda feri siku moja uende Ukerewe. Kijiji cha Namagondo, alikozaliwa mwaka 1944, kiko huko. Shuleni mlisomeshwa mashairi yake mkayachukia, najua, kwa kuwa mlitakiwa kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Rudi kwake kwa mlango mwingine. Anza na Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1971, iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu ilisema waziwazi yanayowapata wasichana, na ambayo wewe unayekaa wodi ya wazazi utaisoma kwa macho makali kuliko yangu. Halafu Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, ukitaka kujua namna watu wa huko ulipo walivyohamishiwa vijijini wakati wa ujamaa, na namna vijana wasomi walivyojidanganya kwamba wanawaongoza. Nagona uiache kwanza. Ni chembamba mno, ukikitazama utadhani utakimaliza kwenye kituo cha basi, nami nimekianza mara tatu na mara tatu nimetoka nikiwa sijui nilikuwa wapi. Mwalimu wa jiografia anasema amekielewa, lakini anakataa kueleza.

Mzigo nitaupeleka stendi Alhamisi, utasafiri na basi la usiku. Ndani utakuta Kuli, na Tippu Tip nimemfunga kwa karatasi ya sukari kwa sababu uzi wa kitabu umeoza. Usimfungue kwa kumlaza chali. Hao wawili uwasome kwa mpangilio uutakao, isipokuwa Tippu Tip usimwazime mtu, hata daktari. Kuli ina majina matano nyuma ya jalada, la fundi saa likiwa la mwisho, naye ameniapisha irudi kabla ya Ramadhani. Andika lako chini ya lake.

Mama yako ametia viungo vya pilau katika mfuko wa nailoni kati ya vitabu. Kama kurasa zitanukia iliki, si kosa langu.

Ni mimi baba yako