Mahindi imeshika kuvu, nikiosha na kuanika tutakula?

Swali: Habari daktari, niko Rongai hapa Nakuru. Mahindi ilinyeshewa ikiwa bado shambani na magunia matatu imeshika kuvu ya kijani. Nimeosha nikaanika, sasa inaonekana safi. Kuna jamaa anauza poda ya kuchanganya na unga ati inatoa sumu, na ingine ya kunywa ya kusafisha ini. Ninunue kwanza ama nisage tu? Watoto walishakula kidogo.

Jibu: Mama, usisage, na hiyo pesa ya poda kaa nayo. Watoto waangalie, wakianza kutapika, tumbo kuuma, macho kuwa njano ama miguu kuvimba wapeleke hospitali siku hiyo hiyo na ubebe mahindi kidogo.

Hii maneno ya nimeosha nimeanika nitapika vizuri naiskia kila msimu mvua ikipata watu na mahindi kwa shamba, na imenichosha kweli. Kile ulisugua kikatoka ni kuvu yenyewe, na hiyo moto unaiua, sibishi. Lakini kabla ife ilishaacha sumu inaitwa aflatoksini ndani ya punje, na hiyo huwezi kuiona wala kuionja. Ukiua nyoka, mwenye ameumwa bado ana sumu mguuni. Aflatoksini inataka joto ya kupita digrii 200 ndio ivunjike, na ugali haifiki hapo hata ukisonga mpaka jioni, tena huku kwetu Nakuru tuko juu, maji inachemka hata kabla ya 100. Mwenye anakwambia pika sana anakumalizia makaa tu.

Kusaga ndio kunaharibu zaidi. Sumu haikai sawa kwa gunia, punje chache zinaweza kubeba karibu yote, sasa zikiwa nzima angalau mtu anachagua zile zimepasuka ama zimebadilika rangi anatupa. Ikishakuwa unga imeenea kila mahali. Yako yenye kijani ilionekana hivyo mimi hata singechagua, ningetupa. Sheria ya Kenya inaruhusu mikrogramu 10 peke yake kwa kilo ya mahindi, hiyo ni labu tu inaweza kuona.

Sasa huyu wa poda. Aflatoksini ikishaingia mwilini hakuna dawa ya kuitoa, hata sisi hospitalini tunashikilia mgonjwa tu ini ikijaribu kupona. 2004 huko Makueni na Kitui na wilaya za karibu watu 317 waliugua na 125 wakafa, na mingi ilikuwa mahindi ya nyumbani kwao. Halafu mtu anasimama sokoni na poda kwa bahasha haina hata lebo, anakwambia wiki mbili ini iko safi! Ameipimia wapi?

Na wale wanasema basi hiyo mbovu wacha iende kwa ng'ombe ama ipikwe pombe ya busaa, hapana. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu inatokea kwa maziwa, hiyo hiyo unawekea mtoto kwa chai. Busaa nayo kuchacha hakumalizi sumu yote. Wafanyabiashara wa kuchanganya gunia bovu na zuri ndio ipite sokoni hata sitaki kuwaongelea. Watu wanaogopa ile ya kufa ghafla lakini ile ya kukula kidogo kidogo miaka mingi ndio inaleta saratani ya ini, na kama uko na hepataitisi B, ile virusi ya ini, hatari inapanda mara nyingi sana, kwa hivyo pimwa, na mtoto asikose zile sindano za wiki 6, 10 na 14 kwa sababu chanjo yake iko ndani.

Msimu ujao anika kwa turubai, sio chini kwa udongo, mpaka unyevu ushuke asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia mahindi na chumvi kavu kwa chupa kavu ya glasi, tikisa, uiache kidogo. Chumvi ikishika kwa chupa, rudisha mahindi juani.